Namna ya Kumhudumia Mtu Aliyefikwa na Janga: Mwongozo kwa Wahudumu wa Makanisa Nakuru, Kisumu na Magharibi ya Kenya

Janga likibisha hodi, anayepigiwa simu kwanza huku kwetu mara nyingi si daktari wala mshauri nasaha mwenye shahada. Ni katekista, mzee wa kanisa, mama wa jumuiya, kijana anayeongoza sifa. Lori limevamia matatu kwenye mteremko wa Salgaa. Mashua ilitoka Dunga jioni na haijarudi. Mto Nzoia umevunja kingo na watu wa Budalang'i wamepanda kwenye tuta na mbuzi wao. Msichana wa darasa la nane hataki kusema aliyemfanyia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayevaa viatu usiku na kwenda.

Kanisa lina kitu ambacho hospitali haina: miezi mitatu baadaye bado litakuwa pale pale, jirani na nyumba yenye msiba. Lina pia hatari ambayo hospitali haina, nayo ni kusema mapema mno kwa jina la Mungu. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatokana na mambo hayo mawili.

Kabla hujatoka nyumbani

Namba ziwekwe kwenye simu leo, si siku ya tukio. 999 au 112 ni za polisi na dharura. 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Haina malipo, na unaweza kuongea na mshauri nasaha. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, 116 ni ya watoto. Ongeza ya zahanati iliyo karibu, ya mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, ya chifu, na ya dereva mmoja anayekubali kuamshwa usiku wa manane. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na ndiyo inayookoa maisha.

Tembelea hospitali ya rufaa kabla hujaihitaji. Nakuru ni ile ya kaunti, ambayo wengi bado wanaiita PGH, jina lake la zamani la hospitali kuu ya mkoa. Kisumu ni Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wanaijua kama Russia. Eldoret ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Uliza kliniki ya afya ya akili iko mlango gani, na waliobakwa wanapokelewa wapi. Usiku wa janga si wakati wa kuzunguka na mtu anayetetemeka mkiulizia njia.

Mwende wawili, ikiwezekana mwanamume na mwanamke, na mmoja wenu awe anajua lugha ya nyumbani ya mnayemwendea. Mtu anaweza kufanya biashara kwa Kiswahili miaka thelathini mjini Nakuru, lakini akifiwa analia kwa Kidholuo, kwa Kigikuyu, kwa Kikipsigis, kwa Kilogooli. Mwache alie hivyo. Tena tusijifanye tumesahau: kuna watu kwenye viti vyetu vya kanisani waliochomewa nyumba Januari 2008, na kila msimu wa uchaguzi ukikaribia hofu ile inarudi. Mtu huyo ana haki ya kuulizwa angependa kuzungumza na nani.

Kama wewe mwenyewe umezika juzi, tuma mwingine.

Hatua ya kwanza: mwili

Eliya alipokaa chini ya mretemu akimwomba Mungu amwondolee uhai, hakuhubiriwa. Alilala. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye sana, baada ya safari ndefu. Mfuatano huo wa 1 Wafalme 19 ndio mfuatano wako.

Kwa hiyo ukifika, kagua kwanza hatari. Kuna anayevuja damu? Mume mwenye panga bado yuko uani? Maji yanaendelea kupanda? Kama mahali si salama, kazi yako ya kwanza ni kuwaondoa watu hapo au kuita wenye uwezo wa kuwaondoa, na usijitie hatarini ukidhani imani itakufunika. Kisha tafuta blanketi, maji, uji au chai ya moto, mahali pa kukaa mbali na umati na kamera za simu. Mpe mtu mmoja kazi ya kuwazuia wanaorekodi. Jua ni nani hayupo: watoto wako wapi, nani hajapatikana. Mtu aliyepotezana na wake hawezi kutulia kwa maneno. Anatulia akipewa habari, hata ikiwa ni kwamba fulani ameenda mochari kuulizia na atapiga simu saa mbili.

Akihema kwa kasi, mikono ikifa ganzi, macho yakitazama mbali, mwombe akanyage chini kwa nguvu kwa miguu yote miwili. Mwambie avute pumzi polepole kupitia puani na aitoe polepole zaidi kuliko alivyoivuta. Pumua naye. Mkristo anayetaka anaweza kuvuta pumzi na neno "Bwana" na kuitoa na neno "unirehemu". Dakika chache zinatosha.

Usimwagize mtu aliye kwenye janga afunge. Mwili wake tayari umefungishwa na hofu. Baada ya mamia ya maiti za waumini walioambiwa wafunge hadi kufa kufukuliwa Shakahola mwaka 2023, kila mhudumu nchini anadaiwa uwazi kuhusu jambo hili: njaa si tiba ya mshtuko. Wala usimwachishe mtu dawa, iwe ya kifafa, ya kisukari, ya VVU au ya akili, kwa sababu ameombewa.

Hatua ya pili: keti, nyamaza, sikiliza

Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba, mchana na usiku, walipoketi naye chini bila neno. Waliharibu walipofungua mdomo kueleza sababu. Ndivyo tunavyoharibu sisi, na tuna misemo iliyo tayari kwa kazi hiyo.

"Kazi ya Mungu haina makosa." Kwa mama ambaye mtoto wake amesombwa na maji, sentensi hiyo inamwambia kwamba Mungu ndiye aliyemsomba. "Mungu alimpenda zaidi" inamwambia kwamba yeye hakumpenda vya kutosha. "Mungu hawezi kukupa mzigo usioweza kuubeba" haimo katika Biblia kabisa; 1 Wakorintho 10:13 inazungumzia majaribu ya kutenda dhambi, si mafuriko wala saratani. "Shukuru umebaki na wengine" na "jikaze, wewe ni mwanamume" ni za kuachwa pia. Hata Warumi 8:28, andiko la kweli na tamu, likisomwa kando ya jeneza lililo wazi laweza kuwa jiwe. Subiri siku mwenyewe atakapolifungua.

Sema machache yaliyo ya kweli. "Pole sana, mama. Niko hapa." "Nimekuja kukaa na wewe, si lazima tuongee." "Ungependa kunieleza, au tukae tu?" Akianza kueleza, mfuate anakokwenda. Usimchimbe kwa maswali ya maji yalifika wapi na mwili ulikuwa katika hali gani. Zamani ilidhaniwa kwamba kila aliyenusurika lazima asimulie tukio lote siku hizo za kwanza. Shirika la Afya Duniani halipendekezi hivyo, kwa kuwa kumlazimisha mtu kusimulia hakumkingi na madhara na kunaweza kumwumiza. Anayetaka kusimulia asikilizwe. Asiyetaka aachwe.

Akimlaumu Mungu, usimtetee Mungu. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Bwana hata lini atamsahau mja wake, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila kugeuka kuwa sifa. Yote mawili yamo ndani ya kitabu tunachokibeba. Shosho anayesema "Mungu ameniacha" bado anazungumza juu ya Mungu, na kumnyamazisha ni kumfungia mlango uliokuwa umebaki wazi.

Hatua ya tatu: kuomba

Wahudumu wengi huanzia hapa. Mimi naiweka ya tatu kwa makusudi.

Ombeni kwa ruhusa. "Ndugu, ungependa tuombe, au tuache kwanza?" Uliza kwa namna ambayo "hapana" inasemeka kwa urahisi, kwa sababu mbele ya mchungaji mtu wa huku hukubali kwa heshima hata kama moyoni amekataa. Akisema bado, sema sawa na uendelee kukaa. Ukiondoka kwa sababu amekataa maombi, amejifunza kwamba ulikuja kwa ajili ya maombi, si kwa ajili yake.

Akikubali, muulize: "Ungependa nimwambie Mungu nini?" Swali hili ni la thamani kuliko mahubiri yote unayoyajua. Baba mmoja atasema, "Mwambie nimechoka." Basi omba hilo, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. Hakuna haja ya kupaza sauti wala kumwekea mikono kichwani. Aliyepigwa au kubakwa anaweza kushtuka akiguswa, kwa hiyo hata kumshika mkono kunahitaji ruhusa. Ombi liwe fupi. Usimpe Mungu masharti wala usimtolee ahadi ambazo hujatumwa kuzitoa, kama "atapona kabla ya Jumapili". Na usiitumie sala kumhubiria mtu aliyefumba macho.

Kwa anayetaka zaidi, msaidie atunge maombolezo yake, siku hiyo au wiki nyingine. Zaburi ya 13 inatoa njia: kumwita Mungu, kumwambia wazi kinachouma, kumwomba jambo moja mahususi, na mwishoni, tumaini. Mistari mitatu ya kwanza inatosha kabisa. Wa nne mwachie nafasi tupu kwenye karatasi, na usiijaze kwa niaba yake. Wajane wanaoandika hivi kwa lugha ya mama huniambia ni mara ya kwanza wamesali bila kuigiza.

Msamaha usiuharakishe. Mtu ambaye nyumba yake bado inafuka moshi akiambiwa asamehe, huwa amebebeshwa kazi ya mkosaji. Siku ya kuzungumzia msamaha itakuja, naye ndiye atakayeitaja.

Hatua ya nne: swali tunaloliogopa

Kuna maneno ya kutegea sikio: "nimechoka na dunia", "watoto wangekuwa afadhali bila mimi", "nataka tu kulala nisiamke". Kuna na vitendo: kugawa mali, kuaga watu ghafla, kulipa madeni madogo madogo, kutulia kwa ajabu baada ya wiki za mateso. Ukiviona, uliza wazi: "Kaka, umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye kuna mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kukimbia.

Akisema ndiyo, endelea kwa utulivu. Umefikiria kufanyaje? Una hicho kitu? Umepanga lini? Umewahi kujaribu? Kadiri mpango ulivyo kamili na kitu kilivyo karibu, ndivyo hatari ilivyo kubwa. Usimwache peke yake, hata akienda chooni simama nje. Ondoeni nyumbani dawa za kunyunyizia mimea, dawa za kuogeshea ng'ombe, kamba, vidonge. Katika nyumba za wakulima wa Magharibi dawa ya shamba hukaa chini ya kitanda. Jirani aichukue, aifungie kwake. Hamu ya kufa mara nyingi hupanda na kushuka, na saa chache bila chombo mkononi zinaweza kumvusha mtu. Kisha mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo.

Kama ameshakunywa kitu, msimtapishe, msimpe maziwa. Kimbieni hospitalini na mwende na chupa yenyewe. Mwende hata kama anaonekana mzima; kuna sumu zinazoua baada ya siku kadhaa.

Familia nyingi hukawia kwa kuogopa polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambie wenye nyumba hivyo, tena mapema.

Jepusheni na vitisho vya jehanamu. Aliyefikia hapo mara nyingi tayari anaamini kwamba Mungu amemkataa, nawe utakuwa umethibitisha. Mkumbushe Eliya, mkumbushe kwamba Musa na Yona pia waliomba kufa, na Mungu hakuwafukuza hata mmoja.

Na ikiwa amekufa? Kuna boma ambako aliyejiua huzikwa usiku bila wimbo, na mti alioutumia hukatwa. Wapo pia viongozi wa kanisa wanaokataa kuongoza ibada. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojitoa uhai, na sioni sababu ya Mprotestanti kuwa mkali kuliko hapo. Mzike kwa heshima. Waliobaki, hasa vijana wa rika lake, ndio wanaohitaji macho yako sasa. Usieleze kwenye mahubiri jinsi alivyofanya.

Ikiwa ni ubakaji, au kipigo cha nyumbani

Hapa saa inahesabu. Dawa za kuzuia VVU huanzishwa haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120, mapema ikiwa bora. Asioge, asifue. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au gazeti, si plastiki. Hospitali inaweza kutangulia kituo cha polisi. Daktari atajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, na polisi watatoa fomu ya P3.

Mkutano wa wazee wa kusuluhisha kwa mbuzi au kwa shilingi usihudhurie, na usiuruhusu ufanyikie kanisani. Absalomu alimwambia dada yake Tamari anyamaze, na 2 Samweli 13 inaonyesha nyumba nzima ilivyoteketea baada ya ukimya huo. Ikiwa aliyedhulumiwa ni mtoto, hakuna siri ya kichungaji inayokuzuia kutoa taarifa kwa afisa wa watoto au polisi, hata kama anayetajwa ni mhubiri. Hasa kama ni mhubiri. Kwa mke anayepigwa, usimwite mume waketi pamoja "kupatanishwa": atakayosema mbele yako atayalipia usiku.

Watoto

Waambie ukweli kwa maneno mafupi: baba amekufa, hatarudi. "Amelala" humfanya mtoto aogope kulala, na "Mungu amemchukua" humfanya amwogope Mungu. Rudisha ratiba mapema: chakula, shule, mpira. Akicheza mazishi na wenzake, mwache acheze.

Hatua ya tano: kukabidhi

Wewe ni daraja. Jua dalili zinazozidi uwezo wako: hajalala siku kadhaa na anazungumza na wasioonekana, hali wala hanywi, anakunywa pombe asubuhi, ndoto na mitetemo bado vinamtesa baada ya mwezi mzima, mama aliyejifungua anasema anataka kumdhuru mtoto. Mnaweza kuendelea kumwombea njiani kwenda kliniki. Usimfunge kamba, usimfungie kwenye chumba cha maombi.

Usimpe namba tu. Panda naye matatu, keti naye foleni, mweleze muuguzi kwa ufupi kwa idhini yake, mrudishe nyumbani. Watu wengi wanaoambiwa "nenda ukamwone daktari" hawaendi, na sababu mara nyingi ni nauli na aibu. Kapu la sadaka lina uwezo wa kuiondoa nauli, na uwepo wako unaipunguza aibu.

Siri

Ombi la maombi kwenye kundi la WhatsApp la kanisa ndilo mlango mkubwa wa uvujaji. "Tumwombee dada yetu wa mtaa wa Section 58 aliyepoteza mimba" imeshamtambulisha. Mwambie mtu mapema kwamba utatunza siri isipokuwa kama maisha yako hatarini au mtoto anaumizwa, kisha timiza. Ushuhuda wake ni mali yake, usiudai madhabahuni.

Wiki ya sita na kuendelea

Hema likishatolewa, viti vya kukodi vikirudi, sufuria zikigawanywa, ndipo upweke unapoanza. Hapa ndipo kanisa lina nguvu kuliko taasisi yoyote, na hapa ndipo tunalala.

Mkae jumuiya mpange kwa majina: nani anakwenda Jumanne, nani anapeleka unga Ijumaa, nani anasindikiza kwa chifu kuchukua barua ya kifo, nani anakaa na watoto mama akienda kliniki. Anayekwenda asiulize "ukihitaji kitu sema". Aliyevunjika hajui anachohitaji. Aseme, "Nakuja Jumanne saa kumi kufua." Andikeni tarehe: siku ya kuzaliwa ya marehemu, Krismasi ya kwanza, mwaka mmoja. Walionusurika bwawa la Solai lilipopasuka 9 Mei 2018, na mafuriko ya Mai Mahiu ya 29 Aprili 2024, wana kumbukumbu inayoanguka katikati ya mvua ndefu. Mvua ikipiga mabati usiku, mtu huyo yuko macho. Mpigie simu usiku huo, usingoje asubuhi.

Wakati huu pia maswali ya imani hutokea yenyewe, nawe una muda. Jibu unayoyajua. Kwa mengine, kaa naye ndani ya swali.

Wewe mwenyewe

Ukirudi nyumbani, oga, kula, mwambie mmoja mliyekuwa naye ulichoona, bila kutaja ya siri. Usiende kwenye tukio jingine siku hiyo hiyo ikiwa kuna mtu wa kukupokea zamu. Kila kanisa liandae angalau watu sita, si mchungaji peke yake. Mara moja kwa mwezi waketi pamoja na mshauri nasaha aliyesajiliwa, wamsimulie magumu na wasahihishwe. Na ukijiona unaota maiti kwa wiki kadhaa, unawakaripia watoto, au umeanza kuikwepa simu ikilia usiku, piga 1199 wewe mwenyewe, na umwombe mwenyekiti akupumzishe zamu hadi utakapokuwa tayari.